Wali wa Ngazini

Matokeo ya mtihani wa bodi ya uhasibu yalipotoka, na jina la Reynante Pabustan likaonekana miongoni mwa kumi bora wa nchi nzima, mtu wa kwanza kufika nyumbani kwao Apalit hakuwa padri wala mwalimu wake. Alikuwa Kapteni Melencio, kiongozi wa mtaa, na alikuja na mpiga picha. Uchaguzi ulikuwa umekaribia. Alimkumbatia Nante, kama wote walivyomwita kijana huyo, akamwita mwanangu, ingawa miaka yote ile hakuwahi kujua kama anasoma au anafuga bata.

Katika mkoa wao wa Pampanga mtoto akifaulu mtihani wa taifa hutundikiwa bango la turubai barabarani, na aliyefaulu bila bango ni kama hajafaulu. Kapteni akasema bango ni juu yake. Alichotaka kujua ni kitu kimoja tu, kijana anakwenda kufanya kazi wapi, maana bango la maana hutaja na kazi. Nante alikuwa ametumwa barafu ya kuwapozea wageni soda. Basi akajibu mama yake, Mama Pacing, mwenye mgahawa wa wali hapo hapo mbele ya nyumba, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kushindwa na swali. Akasema, "Magbanua Lizares." Hakujua kampuni hiyo inafanya nini. Alilijua jina kwa sababu binti wa jirani aliajiriwa huko, na jirani hakuwa na jina jingine mdomoni, ukienda kwake kununua chumvi unarudi na Magbanua Lizares.

Bango likatundikwa. Uso wa Kapteni ulijaa upande mzima, meno yote nje. Nante alibanwa pembeni na joho lake, mdogo kama stempu, na chini yake herufi nyekundu zikampongeza kwa kuingia Magbanua Lizares. Alipoliona alisimama kwenye matope, akasonya.

Ukweli ni kwamba alikuwa hajaingia popote. Kampuni mbili kubwa za ukaguzi wa hesabu zilikuwa zinamtaka, hiyo Magbanua na mwenzake Dimayuga Coseteng, na alikuwa amepewa hadi mwisho wa mwezi achague. Wenzake walizungumzia uamuzi huo kwa sauti ya chini, kama watu walio msibani. Nante hakuona cha kunong'onea. Kampuni zote mbili zilikwenda chuoni kwao siku ile ile, zikiwa na maputo yale yale, zikigawa kalamu na miamvuli, na vijana waliokuwa wakijiita wasomi wakasukumana kama kuku waliomwagiwa pumba ili wapate mwamvuli. Mshahara ulikuwa uleule hadi peso ya mwisho. Hotuba pia zilikuwa zile zile. Mzungumzaji wa Magbanua, suti imembana hadi vifungo vinaomba msamaha, aliwavisha watoto wa watu kilemba cha ukoka, akawaita viongozi wa kesho, akamalizia kwa kusema sisi ni familia. Wa Dimayuga naye akaja akasema sisi ni familia. Halafu wote wawili wakataja, haraka haraka, kwamba atakayeondoka kabla ya miaka miwili atatozwa gharama za mafunzo. Nante alijiuliza ni familia gani hiyo inayomtoza mtoto faini akihama nyumbani.

Alikuwa na dharau nyingi kijana huyu, na nyingi zilikuwa za haki. Lakini chini ya dharau kulikuwa na woga, na woga wenyewe ulikuwa na sura ya baba yake.

Baba yake alikuwa baharia wa meli za mizigo. Kila aliporudi likizo alirudi na chokoleti, sabuni nzuri, na namna ya kula ambayo hakuna aliyemfundisha pale Apalit. Alizungushia mkono sahani yake. Alikula mbiombio, macho chini, na mtu akipita barabarani hakuinua kichwa. Kwao huwezi kuwa unakula, mtu akapita, usimwambie karibu chakula. Hata kama una kijiko kimoja cha wali kilichobaki, utasema, naye atajibu asante nimeshiba, hata kama hajala tangu jana, na mtakuwa mmetambuana kuwa ni watu. Mama Pacing aliwakaribisha wapita njia siku nzima, waliolipa na wasiolipa, hata mtoza ushuru ambaye alimchukia. Mumewe akikaa pale, mlo ulikuwa kama zamu kazini. Mzee yule hakuwa mbaya. Kazi ilikuwa imemla, ikarudisha kilichobaki. Nante aliapa moyoni kwamba apate kazi yoyote, lakini isiwe ya kumfanya ale vile.

Kwa hiyo alipokwenda Manila kuzitembelea ofisi zote mbili kabla ya kuchagua, hakwenda kuangalia zulia. Alichagua kwa makusudi saa ya chakula.

Kule Magbanua alipokewa na binti mmoja mwenye tabasamu la kubandika, akatembezwa. Alioneshwa chumba cha kupumzikia chenye viti vya rangi ambavyo hakuna aliyekuwa amevikalia. Alioneshwa mashine ya kahawa, na binti akasimama mbele yake kwa heshima kama yuko mbele ya altare. Kisha wakapita jikoni. Watu kumi hivi walikuwa wanakula, kila mmoja na simu yake na sanduku lake la chakula, wamepeana migongo. Nante alipita polepole. Aliporudi alipita polepole zaidi. Hakuna aliyesema neno. Watu waliozaliwa Batangas, Iloilo na Bicol, waliolelewa na mama kama mama yake, walimtazama kama mtu aliyekuja kukarabati feni. Akashuka kwa lifti akiwa amewadharau mpaka viatu vyao.

Dimayuga walikuwa na zulia lililochakaa na lifti mbovu, kwa hiyo alipanda ngazi. Katikati ya ngazi alimkuta msichana amekaa, viatu amevivua, kibakuli mapajani. Alikuwa na macho mekundu ya msimu wa ukaguzi na kalamu imechomekwa kwenye nywele. Kadi yake ya kazi iliandikwa Zenaida. Alisogea kidogo ili Nante apite, na mdomo ukiwa bado umejaa akasema, "Karibu chakula, kaka."

"Asante, dada, nimeshiba," Nante akajibu. Hakuwa ameshiba.

"Umeshiba wapi na mashavu yaliyobonyea hivyo? Ni samaki mkavu tu. Kaa."

Akakaa. Alipewa kifuniko cha kibakuli kiwe sahani. Walikula wali wa baridi kwa vidole, na Zenaida akamwambia kwamba kazi ni ngumu, mabosi ni punda, lifti itatengenezwa Yesu akirudi, na kama ana akili aende kwingine. Nante alipomaliza kula alikuwa ameshachagua.

Kazi ilibaki ya kumwambia mama. Alimkuta nyuma ya mgahawa anakaanga samaki.

"Mama, siendi Magbanua. Nimechukua ile nyingine."

"Ipi?"

"Dimayuga Coseteng."

Mama Pacing akageuza samaki. "Hiyo haimo kwenye bango."

"Najua haimo. Bango lishushwe."

"Umwambie nini Kapteni? Kwamba uso wake ushushwe na uchaguzi ndio huo?"

"Nitamwambia mama yangu ana mdomo mrefu."

"Mwambie. Hilo analijua tangu tuko shule." Akafuta mikono. "Wanalipa zaidi?"

"Sawasawa."

"Ni karibu?"

"Mbali zaidi."

"Sasa umependa nini huko, mwanangu?"

"Kuna mtu alinikaribisha chakula. Alikuwa anakula wali ngazini."

Mama Pacing aliacha mwiko. "Ghorofa zote zile, na watu wanakula ngazini," akasema. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Basi nenda. Hilo bango niachie mimi."

Kapteni, kama ilivyotarajiwa, alikataa kushusha uso wake. Mama Pacing akaubeba uongo wake mwenyewe kwa miezi, mteja akimuuliza habari za Magbanua anajibu wazima wote, na jirani mwenye binti akimuuliza zaidi anamwongezea mchuzi ili anyamaze. Uchaguzi ulipofika Kapteni akabwagwa vibaya. Kesho yake Mama Pacing alipanda ngazi, akalikata bango, akalitandaza kuwa paa la nyuma ya mgahawa, picha ikitazama chini. Turubai halitupwi. Tangu siku hiyo Kapteni Melencio alining'inia juu ya karai la mafuta, akakaangwa kila asubuhi mpaka meno yakawa ya kahawia, na Nante akiwa pembeni yake katika moshi ule ule.

Miaka ikapita. Ile miwili ya mkataba ilikwisha, Nante akabaki, kwa sababu kila alipotaka kuondoka aliongezwa cheo kidogo, na cheo kidogo ni ugonjwa. Zenaida aliondoka mapema. Kuna waliosema yuko Dubai na kuna waliosema amerudi kwao kuuza vitambaa, na Nante alikuwa na kazi nyingi siku aliyoaga. Lifti ilitengenezwa, ngazi zikafungwa kwa mlango wa chuma. Nante akawa meneja. Ndiye aliyetumwa vyuoni sasa, na maputo na miamvuli, na mara ya kwanza aliposema sisi ni familia alisikia aibu. Mara ya pili hakusikia kitu.

Msimu mmoja wa ukaguzi kampuni ilimfukuzia binti mmoja wa Samar, aliyeongoza mtihani mwaka ule. Magbanua nao walikuwa wanamtaka. Aliletwa kutembezwa saa ya chakula, mwenyewe akiwa ameiomba saa hiyo. Nante alikuwa jikoni, anakula nyama ya mchuzi wa siki aliyopikiwa na mama yake, faili limefunguliwa kando ya bakuli. Aliona viatu vimesimama mlangoni, viatu vya bei rahisi vilivyong'arishwa kwa mkono. Vikapita, vikarudi polepole zaidi. Alijua kuna mtu. Alikuwa katikati ya hesabu ya mteja, akasema moyoni kwamba atamsalimia akimaliza ukurasa.

Binti alikataa kazi. Bi Marivic, mkuu wa ajira, aliitoa habari hiyo kwenye kikao kama kichekesho.

"Nimempigia nimuulize tumemkosea nini," alisema. "Anasema alizunguka ghorofa nzima, watu wanakula, hakuna aliyemwambia karibu chakula. Amekwenda Magbanua. Eti kule mlinzi wa getini alimmegea mkate."

Kikao kizima kikacheka. Mmoja akasema maskini, kama alikuwa na njaa si angesema. Mwingine akasema huko Samar labda mtu huajiriwa kwa wali. Nante naye alicheka, tena kwa nguvu kuliko wote, hadi Bi Marivic akamtazama kwa furaha.

Jumapili alikwenda Apalit. Baba yake alikuwa amerudi, safari hii moja kwa moja, meli hazikumtaka tena. Mama Pacing aliwaandalia wote wawili nyuma ya mgahawa, chini ya lile turubai, mahali ambapo barabara inaonekana. Mzee alizungushia mkono sahani yake. Nante alikuwa na simu mkono mmoja, kijiko mkono mwingine, na kiwiko kimeizunguka sahani.

Dereva wa baiskeli ya abiria, jirani wa siku nyingi, alikuja anasukuma baiskeli yake iliyopasuka tairi. Alipita karibu kabisa na meza, hata kivuli chake kikagusa wali. Mama Pacing alisimama na sufuria mkononi, akamtazama mumewe, akamtazama mwanawe, akasubiri. Vijiko viliendelea.

"Karibu chakula," akasema yeye.

"Asante, mama, nimeshiba," dereva akajibu, akaendelea na safari yake.