Dominika na Hori la Mkunya

Jirani yangu Dominika si mtu wa kutishika ovyo. Tulipokuwa wasichana tunapanda na maji kutoka bondeni, nyoka alikatiza njia, sote tukatupa ndoo. Yeye alisimama na ndoo yake kichwani mpaka nyoka akapita. Lakini kila Desemba, vijana wakianza kukata majani ya kujengea pango la Noeli, Dominika hukosa usingizi.

Watu humwita Mama Claudia. Mimi namwita Mama Optatus, maana huyo ndiye wa kwanza. Zamani hapa Mkunya kanisa halikuwa na sanamu ya Mtoto Yesu. Mtoto aliyezaliwa karibu na sikukuu ndiye aliyelazwa horini, watu wakapanga mstari kumbusu. Optatus alilazwa, akabusiwa mpaka na watu wa Kitangari. Sikukuu ya Wafalme, siku kumi na mbili tu baada ya Noeli, haikumkuta. Alikohoa, akanyauka, tukamzika. Padri alisema ni mapafu. Sisi wanawake tulijua letu: mtoto ambaye hajatolewa nje hashikwi na kila mtu, kwa sababu hujui nani ametoka kulala na mwenzake. Huyo ni wa moto, na moto wake humuingia mtoto kifuani. Baada ya msiba ule wazee walichonga Yesu wa mti, tukapumua.

Mwaka jana mchwa wakamla Yesu yule. Katekista Anselmo alifungua kabati akakuta vumbi. Na Claudia alikuwa amejifungua mtoto wa kiume siku hizohizo, baada ya mimba nyingine kuharibika. Anselmo akamwendea baba wa mtoto, mwalimu Eric, mtu wa Bukoba. Eric akakubali palepale. Alitaka kupiga picha awatumie wazazi wake.

Dominika akaja kwangu, kanga imemkaa upande.

"Mama Brigita, wanamtaka mtoto."

"Kataa."

"Nikatae kwa mdomo upi? Yule ni mkwe wangu."

Kwetu mama mkwe hasemezani na mkwe wake wa kiume, wala hawatazamani usoni. Basi nikaenda mimi.

"Shikamoo, mama," Eric akanipokea.

"Marahaba. Mwalimu, mwenzangu anasema mtoto hajatolewa nje."

Akacheka kwa adabu. "Ni misa moja tu, mama. Halafu tunamrudisha."

"Optatus naye alirudishwa."

"Optatus ni nani?"

Kumbe hata jina hakuwahi kuambiwa. Nikamsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema siku hizi kuna chanjo.

Nilimpelekea Dominika jibu hilo. Alikuwa anapukuchua mahindi, punje zikawa zinamwangukia nje ya ungo. "Basi nitambeba mwenyewe," akasema.

Siku ya Noeli ukungu ulikuwa umefunika kijiji. Eric alikwenda kanisani mapema kuipanga kwaya, Claudia akabaki ndani kwa mama yake, kama desturi ya mzazi. Dominika aliingia akiwa amekumbatia kitenge kilichofungwa mpaka juu. Akakilaza horini, akasimama pembeni. Jasho lilimtoka na baridi yote ile.

Watu wakapanga mstari, wakainama, wakabusu kitenge.

"Mtulivu huyu," alisema Selestina mbele yangu. "Hakumrithi baba yake, yule ni kelele tupu."

Zamu yangu ikafika. Nilipoinama nikasikia harufu ya udongo mbichi. Harufu ile niliijua siku tuliyomzika Optatus.

Eric alikuja nyuma yangu na simu yake. Akanyoosha mkono amfunue mtoto uso, mkono ukaishia juu ya kitenge. Akabonyeza kidogo. Akabonyeza tena.

"Wa baridi," alisema taratibu. "Hapumui."

Kwaya ikanyamaza. Eric alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Akamtazama Dominika usoni kabisa, jambo ambalo halitendeki. "Mama, umemfanya nini mwanangu?"

Dominika akajifunika kanga. Adabu ilimfunga ulimi hata saa ile. Akanigeukia mimi. "Mama Brigita, mwambie yuko nyumbani. Ananyonya."

Nikafungua kitenge. Ndani mlikuwa na mhogo mnene, umeng'olewa asubuhi ileile, udongo haujakauka. Ulifungwa vizuri, kama tulivyoifunga mihogo utotoni tukaibeba mgongoni tukijifanya wazazi.

Eric hakuamini. Alitoka mbio, sisi nyuma yake. Tukampita Bwanali, jirani yetu Mwislamu aliyekuja kutusaidia kupika pilau ya sikukuu.

"Leo Wakristo mnaikimbia misa?" akauliza.

Mlango wa Dominika ulikuwa umefungwa. Eric akagonga. Kimya. Akaita, "Claudia." Kimya tena. Dominika alinishika mkono, kucha zikanizama. Nilijua anachowaza: pengine kile alichokikimbia kimemtangulia nyumbani.

Kisha mtoto akalia.

"Nani?" Claudia akauliza kwa sauti ya usingizi.

"Mimi."

"Umetoka wapi?"

"Kanisani."

"Umeshikana mikono na watu?"

Eric akaitazama mikono yake. Asubuhi ile alikuwa amewapokea watu wote mlangoni mwa kanisa. Mlango hakuusukuma. Alikwenda kwenye pipa la maji ya mvua, akanawa mpaka viwiko, akarudi akakaa chini kizingitini.

Misa ilipokwisha Anselmo akaja na mhogo wake kwapani, amenuna, anataka maelezo. Eric akanyoosha mkono kuziba mlango.

"Samahani, katekista. Wewe leo umetoka wapi?"

Dominika alisikia akiwa nyuma ya jiko. Akakaa chini polepole. Sikukuu ya Wafalme ilikuwa bado haijafika.