Abiria wa Behewa la Mwisho

Nikisikia harufu ya dawa ya kudekia imechanganyika na moshi wa dizeli, miguu inaanza kuniwasha. Sitanii. Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, Mama amelazwa ndani kwa ajili ya goti lake, dada mmoja akapita na ndoo na tambara, na nje jenereta likawa linanguruma. Nikajikuta nimesimama, natembea huku na huko, hadi mama mmoja pembeni akaniuliza kama nimeitwa. Sikuitwa na mtu. Nilikuwa nimerudi stesheni ya Moshi, niko darasa la tano, namsubiri Mama amalize kuosha treni, na Krismasi inakaribia.

Mama alikuwa mfanya usafi wa mabehewa. Kabla ya hapo alisafisha vyoo vya stendi. Treni ya abiria iliporudi, baada ya reli yetu kukaa miaka mingi bila abiria hata mmoja, akahamia huko. Siku hizo ilikuwa inaishia Moshi: inafika asubuhi kutoka Dar, mchana inageuza. Hapo katikati Mama na wenzake walitakiwa kuirudisha iwe kama haijawahi kupandwa na mtu. Wanaanza na vyoo, halafu madirisha, halafu chini ya viti, mwisho sakafu, wakirudi kinyumenyume ili wasikanyage walipodeki. Na jamani, watu wanaacha vitu! Mifupa ya kuku, maganda ya machungwa, nepi zilizokunjwa vizuri zikasokomezwa pembeni ya kiti utadhani zawadi. Mama Zaina, Mpare mmoja mwenye maneno aliyefanya kazi na Mama, alikuwa akisema abiria wengine wakishakata tiketi wanadhani wamemuoa na mfagiaji.

Tulikaa mtaa wa Soweto, hapo hapo Moshi, mimi na Mama tu. Desemba hapo mtaani ilikuwa mateso, maana Wachagga mnatujua, Krismasi ni lazima kupanda mlimani. Kila siku jirani mmoja anapakia mchele na soda kwenye gari, anafunga mlango, huyoo, kijijini kwao, Mkuu au Marangu. Watoto niliocheza nao rede wakaondoka mmoja mmoja hadi nikabaki na mpira wangu mkononi. Kila jioni namwuliza Mama, "Tunapanda lini?" Ananijibu, "Kula." Nikiwa nimeshakula ananijibu, "Lala."

Kwetu ni Kirua Vunjo, kwa Babu, baba yake Mama. Krismasi ya mwisho tuliyokwenda, mbuzi alichinjwa migombani kama kawaida na wajomba wakawa wanagawa nyama. Nyama kwetu haigawiwi ovyo. Kila fungu lina mwenyewe, na kidari ni cha mzee. Mama akashika beseni ili asaidie kupokea. Babu akaweka chini kata yake ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akasema mbele ya ukoo mzima: "Ndeshi, weka hilo beseni. Mikono inayoosha vyoo vya watu tusiowajua haishiki nyama yangu."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyejua aangalie wapi. Mama akaliweka beseni taratibu kwenye majani ya migomba, akachukua mkoba wake, akanishika mkono, tukashuka. Tangu siku hiyo hatukupanda tena. Mimi niliwakasirikia wote wawili. Nilitaka binamu zangu, nilitaka kulala nao chumba kimoja, mbuzi wakitafuna usiku kucha upande wa pili wa ukuta. Mambo ya mikono na mabeseni niliona ni ya watu wazima wasio na kazi.

Sasa, asubuhi ninayoisema, shule zilikuwa zimefungwa na Mama hakuwa na pa kuniacha. Akanikalisha kwenye benchi la stesheni akaniambia nisinyanyuke. Mimi na kukaa! Treni ilipoingia watu wakamwagika na maboksi, magodoro, kuku hadi wa kutoka Dar, kama vile mlimani hakuna kuku. Kila anayeshuka anapokelewa kwa vigelegele. Nikaona nitalia. Nikanyanyuka, nikawa natembea kando ya treni nikichungulia madirishani, behewa moja hadi jingine, watu wameshaisha, mpaka la mwisho. Na hapo dirishani nikamwona Babu.

Nilijua alikuwa Dar kwa mjomba, alikokwenda kutibiwa jicho. Lakini akilini mwangu jambo lilikuwa moja tu: Babu amekuja kutuchukua. Nikapanda ngazi mbiombio.

"Shikamoo Babu! Umekuja kutuchukua?"

Alikuwa peke yake behewa zima, koti lake zito limefungwa vifungo vyote, jicho moja lina bandeji, begi amelikumbatia mapajani kwa mikono yote miwili.

"Haika," akasema bila kunitazama, "toka nje."

"Babu, Mama yuko hapa hapa, nikamwite?"

"Nimesema toka!"

Kulikuwa na harufu, ndiyo. Lakini treni ikishalala njiani ina harufu zake, sikuitilia maanani. Nilichosikia ni ile sauti, ile ile ya siku ya beseni. Nikashuka, nikamkimbilia Mama aliyekuwa anasugua dirisha behewa la kwanza.

"Mama, Babu yuko kule mwisho. Bado ametukasirikia. Amekaa tu, amenifukuza!"

Mama akaacha kusugua. "Watu wote wameshashuka, yeye amekaa?"

"Amekaa, amekumbatia begi."

Wakati huo huo akatokea msimamizi wao, akasema kuna mzee mkaidi hataki kushuka na anakwenda kumwita askari. Mama akamkatiza, yeye ambaye hakuwahi kumkatiza mkubwa wake: "Usimwite mtu. Lile behewa niachie mimi."

Akachota ndoo mbili za maji safi. Tambara la sakafu akaliacha, akachukua kitambaa kipya kutoka kwenye mfuko wake, na sabuni yetu ya kuogea, na kitenge, na suruali yake ya pili ya kazi, ile ya bluu yenye mistari inayong'aa miguuni. Akapanda. Nikaona madirisha yanafungwa moja moja, kisha mlango.

Mimi nikabaki chini, sikio nimelibandika kwenye bati la behewa. Nilitegemea ugomvi. Nilisikia maji tu. Maji, kitambaa kinakamuliwa, maji tena. Halafu sauti ya Babu, ndogo mno: "Ndeshi, acha." Na Mama: "Inua mguu, Baba." Nikaumia kweli kweli. Nilijua maneno hayo, Mama aliyasema nyumbani kila akideki na mimi nimekaa kiti cha njiani. Nikawaza, amemkuta baba yake baada ya muda wote huu, na bado anadeki tu!

Walipotoka, Babu alikuwa amevaa suruali ya Mama. Inamwishia katikati ya miundi, mistari inamulika jua, na juu yake lile koti zito la kanisani, mkononi kitenge cha Mama kimefungwa kama kifurushi. Nilicheka, siwezi kusema uongo. Mama alinitupia jicho moja tu, kicheko kikakauka.

Mama Zaina akasogea, macho yamemtoka. "Mama Haika, huyu mzee ni wa kwenu?"

"Abiria tu," Mama akajibu, mkavu. "Amemwagikiwa na chai. Hebu nishikie hilo begi."

Babu alisikia. Nilimwona anainamisha kichwa hadi kidevu kikagusa koti. Hapo akaja Eliya, kijana wa jirani yake Babu aliyekuwa akimtafuta getini muda wote, akamwongoza hadi kwenye pikapu. Babu hakugeuka. Mama naye alikuwa ameshaingia tena ndani kumalizia kiti.

Jioni nililipuka. "Kwa nini umesema abiria? Umemkana Babu mbele ya watu! Sasa ndiyo basi, hatutapanda maisha!"

"Kula," akasema Mama.

Sikula. Niliapa kwamba nikikua sitakuwa na ndugu kabisa, nitaishi mwenyewe na redio.

Mkesha wa Krismasi, asubuhi, tukiwa tumebaki karibu peke yetu mtaani, Eliya akabisha hodi. Alikuwa na kitenge cha Mama kimefungwa fundo. Ndani yake ile suruali ya bluu, imefuliwa na kupigwa pasi, mikunjo imekaa kombo, unga wa sabuni umebaki mweupe kwenye mishono.

"Amefua mwenyewe," Eliya akasema. "Dada Ndeshi, tumebishana naye pale bombani, hataki mtu aiguse. Na jicho lile! Kapiga pasi hadi karibu aunguze meza."

Babu yangu, jamani, hajawahi kuosha hata kikombe chake. Mama akaifungua suruali, na kutoka katikati yake likaanguka jani la isale, bichi, limefungwa fundo. Kwa wasio wa kwetu: isale ni yale majani marefu ya uzio wa migombani, na ukiletewa limefungwa hivyo unaombwa msamaha, na kukataa hakuna. Lakini mzee wa ukoo kumpelekea binti yake, tena ndani ya suruali ya kufanyia usafi? Mpaka leo sijasikia mwingine.

Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kama mtoto, na mimi nikaogopa. Kisha akapangusa uso kwa ile suruali. "Haika, vaa viatu."

Kesho yake migombani, nyama inagawiwa, mjomba mmoja akamwuliza Babu safari ya treni ilikuwaje. Nikafungua mdomo nisimulie habari ya suruali, Mama akanifinya. Babu akasema, "Treni safi. Safi sana." Halafu, kwa sauti ya kusikika na wote: "Ndeshi, shika beseni." Akachukua kidari, fungu lake mwenyewe, akaliweka ndani kwa mkono wake. "Aika, mae," akamwambia. Ni asante yetu kwa mama mtu mzima, siyo kwa binti.

Miaka mingi nilidhani Babu aliona aibu kwa kumwagikiwa na chai. Ndiyo, mimi ni mzito. Wiki iliyopita ndiyo nimeelewa yote, pale wodini. Dawa za usingizi za upasuaji wa goti zilikuwa hazijamwisha vizuri Mama, hakuweza kusimama kwenda msalani, na hadi anafikiria kuita mtu, alikuwa ameshachelewa. Nilimkuta amevuta shuka hadi shingoni, amelishika kwa mikono yote miwili, akaniambia nitoke nje. Sauti ilikuwa ya Babu kabisa.

Sikutoka. Nilivuta pazia, nikaleta maji ya vuguvugu na kitambaa kipya. "Haika, acha," akasema. Nikamwambia, "Inua mguu, Mama." Akaniangalia, akauinua.

Nilipotoka na beseni, mgonjwa wa kitanda cha pili akanyoosha shingo. "Kuna nini, dada?"

"Chai imemwagika," nikasema.

Nyuma ya pazia nikamsikia Mama anacheka taratibu, huku kamasi zikimsumbua. "Aika, mae," akasema.