Bibi Arusi Aliyefunguliwa Mdomo Njiani

Ulikuwa mwaka wa 1906. Hapana, nimekosea. Mwaka wa 1906 watu walikuwa bado wamejificha porini na Subira hakuwa amerudi kijijini kwake Mshangano. Haya yalitokea mwanzoni mwa 1908, maana siku ile Subira alikuwa na jembe mkononi, na mwaka uliotangulia hakuna aliyeshika jembe. Ungepanda nini? Mbegu zenyewe zilikuwa zimeliwa.

Subira alikuwa mfinyanzi. Alichimba udongo kando ya mto Ruhira, pale njia inapoteremka kwenye daraja la magogo, akafinyanga vyungu na mitungi na kuianika hapo hapo, wapita njia wakiona. Mume wake alikunywa yale maji ya vita, akaenda, hakurudi. Mtoto hawakujaliwa. Nyumba yao ilichomwa pamoja na ghala, na aliporudi kutoka porini alikuta mafiga matatu tu yamesimama kwenye majivu. Akateka maji, akaloweka udongo, akaanza upya.

Lakini watu walimheshimu zaidi kwa kazi yake ya pili. Alikuwa kungwi. Wasichana wengi wa upande ule walipitia mikononi mwake, na mafundisho yake yalikuwa hivi: bibi arusi anayesafiri kwenda kwa mume hasemi. Anafunikwa kaniki usoni, anatembea macho chini, na akisalimiwa anapiga goti tu. Hafungui mdomo mpaka mama mkwe amkabidhi jembe. Akilishika jembe, ndipo anataja jina lake na jina la baba yake, na wanawake wanapiga vigelegele. Akisema kabla ya hapo ndoa imeharibika, na watu watasema mama yake hakumlea.

Subira alikuwa mkali kwa jambo hilo. Msichana wake mmoja alivamiwa na siafu njiani, wakampanda mpaka magotini, akavumilia kimya hadi nyumbani kwa mume. Subira aliwasimulia wanawake wenzake habari hiyo kwa fahari kama mtu anayesimulia vita.

Basi ikaja njaa, ile iliyoitwa fugufugu. Askari wa Wadachi walikuwa wamechoma mashamba, wanaume wengi wamekufa, na wasichana walizagaa porini kuchimba mizizi, hawana baba wala kaka wa kuwauliza mko wapi. Boma lilikuwa limekataza kuuza watu. Lakini kuoa hakukukatazwa. Mtu aliyeswaga wanaume waliofungwa kamba angesimamishwa na kuulizwa. Aliyeongoza wasichana waliofunikwa kaniki, nani amsimamishe?

Siku moja akapita hapo darajani mtu mmoja anaitwa Sefu. Kwao hakuna aliyekujua, na Kiswahili chake kilikuwa cha njiani kama chetu sote. Nyuma yake walifuatana wasichana watatu wamefunikwa.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba baba. Maharusi wa wapi hao?"

"Wa huko milimani. Waume zao wako mbele, wana mihogo yao, wana kuku. Nimetumwa kuwachukua."

Subira akawasalimia wale wasichana. Wote watatu wakapiga goti pamoja. Akawapa maji, wakanywa chini ya kaniki bila kuinua nyuso. Moyo wake ukafurahi. Katika uharibifu wote ule, akajiambia, kumbe bado wapo waliolelewa. Akawapigia vigelegele mpaka walipovuka.

Mwezi haukuisha akaja Bakili, mtu wa Tunduru, mzee wa swala tano aliyekuwa akileta chumvi na kuchukua vyungu. Akatua mzigo, akakaa, hakutaka hata maji.

"Bibi Subira," akasema, "kuna wasichana watatu walipita hapa na kaniki nyeusi?"

"Walipita. Maharusi."

"Maharusi wako niliwakuta wamefungwa kamba kiunoni. Walikuwa wanapelekwa kuvushwa Ruvuma, kule kwa Mreno. Kule mtu ananunuliwa bado."

Subira akakaa karibu naye. Halafu akauliza, "Hawakupiga kelele?"

"Ndilo lililonishangaza. Niliwauliza, binti zangu, nyinyi ni wa nani? Hawakunijibu. Mmoja alipiga goti."

Siku ile Subira hakufinyanga. Jirani yake Tabu, mfinyanzi mwenzake mwenye ulimi mkali, alimkuta amekaa na donge la udongo limekauka mkononi. Alipoambiwa akasema, "Na wewe uliwapigia vigelegele." Subira akajibu, "Niliwapigia."

Sasa turudi kwenye siku ya jembe. Mvua zilikuwa zimekubali. Subira alikuwa amepata kibaba cha ulezi wa mbegu, na jembe moja, la pekee, alilolifukua kwenye majivu na kulitia mpini mpya. Alikuwa amepanda nusu ya shamba. Bakili naye alikuwepo, anapanga vyungu kwenye majani makavu visigongane njiani. Ndipo Sefu akateremka tena, safari hii na msichana mmoja.

"Leo ni mmoja tu, mama," akasema kwa uchangamfu. "Tupishe, jua limepanda."

Subira akatoka shambani na jembe lake, akashuka, akasimama mbele ya daraja. Alijua kwamba msichana yule akivuka magogo yale, basi. Mbele ni pori, na baada ya pori ni Ruvuma.

"Mshenga wa ndoa hii ni nani?"

"Ni mimi."

"Na mwoaji?"

"Binamu yangu."

"Anaitwaje?"

"Mama, kwa maswali haya utakauka mate."

Tabu, aliyekuwa akifinyanga vyungu vyake kando ya njia, akadakia, "Tuna mto hapa, kaka. Mate hayatukauki."

Subira akamgeukia msichana. "Mwanangu, mimi ni kungwi wa hapa. Nakuruhusu. Sema, umetoka wapi?"

Msichana akapiga goti.

"Umependa mwenyewe kwenda na mtu huyu?"

Akapiga goti tena, mdomo umefungwa vilevile.

Sefu akacheka, si kwa ubaya, kama anayemsifu mtu kazi yake. "Mnawafundisha vizuri nyinyi wa huku." Akaweka mguu kwenye gogo la kwanza na kumwita msichana kwa kidole. Naye msichana akainuka kumfuata.

Subira akaona kumbe ruhusa ya mdomo haitoshi. Yeye mwenyewe ndiye aliyefundisha kwamba haitoshi. Akalitazama jembe. Jembe la kumfungua mdomo bibi arusi halirudi. Likishikwa ni lake mpaka kufa. Na nusu ya shamba ilikuwa bado. Akalishika kwa mikono miwili, akamkatiza msichana njia, akapiga goti mbele yake kama mama mkwe anavyofanya.

"Mkwe wangu," akasema, "pokea."

"Subira, una wazimu," Tabu akasema. "Mtoto wa kiume huna. Unamwoza nani?"

"Nitamzaa."

Hata Bakili alicheka, mzee wa watu. Lakini msichana hakucheka. Chini ya kaniki aliliona jembe na mikono ya mama mkwe iliyolishika kama alivyofundishwa. Akanyoosha mikono, akalipokea. Akakohoa, maana sauti ilikuwa imekaa siku nyingi bila kazi.

"Naitwa Aurelia binti Egidi," akasema. Na baada ya hapo maneno yakatoka yenyewe. "Mama, huyu kaka alinikuta nachimba mizizi. Aliniambia amekwisha zungumza na baba yangu. Lakini baba yangu yuko misheni anaumwa mguu, sijui walizungumza lini. Nimetembea siku nne. Kila siku ananiambia kwa mume ni kesho. Ndipo hapa?"

Tabu akaacha vyungu vyake, akaja kusimama karibu naye.

"Jembe hilo halifai," Sefu akasema. "Silo la mwoaji."

"Sawa," Bakili akamjibu kwa upole. "Basi toa la mwoaji tulione. Mshenga hasafiri mikono mitupu."

Sefu hakuwa nalo. Bakili akasema, "Kama tumekosea, twende bomani watuamulie. Mimi nitasema niliyoyaona njiani." Sefu akasema ni vema, tangulieni, anakwenda kuchukua fimbo yake aliyoisahau juu. Akapanda kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, akaingia majanini. Hakuonekana tena Mshangano.

Wao walikwenda bomani. Mwandishi alimtazama Aurelia na jembe lake, akamuuliza Subira, "Huyu ni wa nani?"

"Jina lake amekwisha kulitaja."

"Sikuulizi jina. Mume wake nani, au bwana wake nani? Lazima niandike."

"Bwana hana. Mume hana. Ana baba, anaitwa Egidi, na mpaka atakapokuja analala kwangu."

Mwandishi akachovya kalamu, akaandika. Wakapewa karatasi yenye mhuri, ambayo hakuna kati yao aliyejua kuisoma. Siku ya nane Egidi akafika akichechemea. Alitaka kurudisha jembe. Subira akakataa, akamalizia shamba lake kwa mti uliochongwa. Ulezi wa nusu ile ya shamba, wanasema, ulitoka mwembamba.

Tangu hapo aliwafundisha wasichana jambo jipya. Bibi arusi asafiri kimya, sawa, lakini kila penye kivuko atue, ataje jina lake, la baba yake na anakokwenda, mbele ya wanawake wanaoishi hapo. Akina mama wengine walimlaumu kwamba anaharibu mila. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kufundisha hivyo hivyo hadi alipozeeka na macho yakakataa udongo.

Habari hizi nilizipata kwa Aurelia, akiwa bibi wa wajukuu, jembe limelika limebaki kama kijiko. Lakini lipo jambo hata yeye hakulijua. Mafundisho ya kungwi wanayajua wanawake waliofundwa tu, hayasemwi mbele ya wanaume. Sisi waume hupokea bibi arusi aliyekwisha kusema, ya nyuma hatuambiwi. Na Sefu hakuwa mtu wa huku, hakuwa na mke wala dada huku. Nimeuliza Mshangano, nimeuliza hadi Tunduru kwa wajukuu wa Bakili, na wanawake niliowauliza walitazama pembeni. Nani alimwambia kwamba wasichana wetu wakifunikwa kaniki hawatasema?