Rozalia Anasugua Lami

Tuache kudanganyana. Watu wa hapa wanasema Kona ya Mchikichi ina jini la ziwani linalovuta pikipiki. Hakuna jini. Kuna lami iliyolala vibaya, na kuna mawese.

Mawese ni ya Rozalia. Ameuza mafuta kwenye hiyo kona ya kushukia Katubuka tangu mwanawe Bariki ananyonya, na sasa Bariki ni bodaboda, ndevu anazo. Kwa nini kwenye kona? Kwa sababu magari yanapunguza mwendo. Dereva akipunguza, jicho linaona madumu mekundu, mguu unaenda breki. Akili ya biashara, simlaumu. Shida ni kwamba alikaa upande wa nje wa kona.

Sikia. Gari likiwa mbioni halitaki kukunja, linataka kunyoosha. Kinacholikunja ni tairi kuing'ata lami. Ukiongeza mwendo mara mbili, tairi inatakiwa ing'ate mara nne. Ndiyo maana barabara iliyojengwa kwa akili inainuliwa upande wa nje, inalalia ndani, inakusaidia. Hii yetu imezibwa viraka juu ya viraka mpaka upande wa nje umekuwa chini. Mvua ikinyesha, maji yote yanakwenda kwa Rozalia. Na kinachoteleza kinakwenda huko huko.

Bariki hakuchoka kumwambia.

"Bi mkubwa, hama. Iko siku lori litakuja kununua mafuta dereva hajashuka."

"Nihamie wapi? Kule kwenye mnyoofu wanapita kama wamefukuzwa na nyuki."

"Basi vuka, kaa upande wa ndani."

"Wanaotoka mjini wavuke barabara kwa ajili yangu? Mimi nani, mama mkwe wao?"

Halafu kulikuwa na tabia moja. Jioni akifunga biashara, anasuuza faneli na vidumu kwa maji ya moto, yale maji anayarusha barabarani kuua vumbi. Nani Kigoma hajafanya hivyo? Vumbi lilikufa kweli.

Asubuhi moja yalidondoka manyunyu. Siyo mvua ya kusafisha, manyunyu tu ya kulowesha. Bariki akashuka na gunia la dagaa nyuma. Kwenye kona tairi ikaachia. Akaserereka kwa paja, pikipiki ikatangulia, ikapiga madumu, ikasimama kwenye miguu ya stuli ya Rozalia.

"Umenimwagia mafuta yangu, mjinga wewe!" Kisha akaiona sura. "Bariki?"

"Si nilikwambia lori, mama? Kumbe ni mimi."

Paja lilikuwa limechunika vibaya. Lakini alichechemea akarudi juu pale alipoteleza, mbali na madumu yaliyopasuka, akapangusa lami kwa kidole, akamletea mama yake anuse. Mawese hayajifichi. Rozalia akanusa, akakaa chini.

Akahamia kwenye mnyoofu. Hauzi kitu. Na hatulii: breki ikilia kule juu kwenye kona, anasimama. Inalia tena, anasimama tena.

Haikupita wiki, Mwanvua, muuza mawese mwenzake, akaweka meza yake pale pale pa zamani. Rozalia akamfuata.

"Mwanvua, toka hapo. Na hayo maji ya kusuuzia usiyamwage barabarani, yataua mtu."

"Ulipokuwa unamwaga wewe haikuwa kona?"

Rozalia akageuka, akaondoka. Siku hizi kila asubuhi anapanda na ndoo ya majivu, sabuni na brashi. Anainama katikati ya lami, anasugua kama sufuria iliyoungua, anafagia. Malori yanampigia honi, yanamkwepa.

"We mama, umechoka kuishi?"

"Pita taratibu, mbwa wewe!"

Mwanvua anacheka kwenye stuli yake. "Sugua, mwenzangu! Pale umeruka!"

Sufuria ukiisugua inatakata, unaifunika. Hii lami, ikifika jioni Mwanvua anaimwagia tena. Na Bariki, paja limepona, ameshaanza kupita hapo tena.