Wateja Waliotaka Kuisikia Gesi

Busia, fundi wa friji haaminiwi kwa macho, anaaminiwa kwa masikio. Mteja husimama nyuma yake, mikono imekunjwa kifuani, anangoja. Fundi anafungua mpira wa gesi, gesi ya zamani inatoka psss mpaka inakwisha, ndipo mteja anapumua. Sasa anajua kwamba friji yake ilikuwa na gesi kweli, imetolewa kweli, na itakayotiwa ni mpya. Tumetapeliwa mno hapa mpakani. Mitungi inavuka ikiwa na rangi nzuri na lebo nzuri, lakini kilichomo ndani anakijua aliyeijaza. Kwa hiyo watu wamejifunza kudai kusikia.

Kaka yangu ni fundi wa friji. Karakana yake iko upande wa Uganda, si mbali na forodha, na mimi ndiye ninayepokea wateja na kugombana nao. Sikai mahali pamoja. Nimezaliwa na ualbino, na jua la huku halina adabu, hivyo kiti changu kinahama na kivuli: asubuhi nyuma ya mlango, mchana ndani kabisa kwenye kompresa mbovu, jioni pembeni mwa ukuta. Wateja kutoka Sikuda na Lunyo wananiita Mzungu, nami huwauliza kama wameniletea viza. Mwaka juzi nilipata kidonda juu ya sikio, kikakataa kupona, nikaenda kukatwa hospitalini Tororo, na kipande cha sikio kikaenda nacho. Daktari alisema ni saratani ya ngozi, ila tumewahi. Tangu hapo kila kipele kinaninyima raha.

Mwaka jana kaka aliitwa Tororo kwenye mafunzo ya mafundi. Alikwenda akitegemea soda na cheti, akarudi na jambo jingine. Tulipokaa kula ndipo akaanza kunieleza. Zile gesi za friji kuukuu hazina rangi wala moshi, na ndiyo maana tunazidharau. Zinapanda polepole, kwa miaka, mpaka juu kabisa kwenye tabaka la ozoni linalotuchujia jua. Huko jua lenyewe linazivunja, klorini inatoka, nayo inalila lile tabaka bila kushiba. Tabaka likiwa jembamba, miale mikali inapita: inachoma ngozi, inaleta mtoto wa jicho, hata mazao yanadhoofika. Nchi zilikubaliana kuacha kutengeneza gesi zilizo mbaya zaidi, na kule juu hali imeanza kutengemaa, ingawa itachukua muda mrefu. Lakini gesi iliyomo ndani ya friji zetu bado imo. Dawa yake ni kuinyonya kwa mashine, kuifungia kwenye mtungi na kuipeleka Tororo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nilimtania.

Hakucheka. Alikuwa anatazama sikio langu.

Hapo nikakasirika. Nikamuuliza kama huyo mwalimu wake alisema lolote kuhusu watu kama mimi. Akasema ndiyo, alimuuliza. Tundu kubwa la ozoni liko mbali sana kusini, kwenye barafu. Kwetu tabaka limepungua kidogo tu, na jua la Ikweta lilikuwa kali tangu enzi za babu zetu. Yaani hakuna wa kusema ni gesi iliyonila sikio, wala wa kuapa kwamba haikuchangia. Ningependa jibu moja, lolote lile, nilale nalo. Nilimwambia afanye anachotaka lakini asinibebeshe mimi. Akajibu kwamba hanibebeshi kitu, ila mpira hataufungua tena hewani.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mzee mmoja muuza maziwa kutoka Nagongera.

"Fundi, sasa gesi yangu unaficha? Mimi nataka sikia. Wewe nafungia kwa mtungi, kesho nauzia mtu ingine."

Kaka alimweleza kwa upole kwamba gesi ile ni chafu, haimfai mtu. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akashukuru, kisha akaipeleka friji yake kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Tuliisikia gesi ikitolewa, psss. Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nikasogeza kiti changu nisimwone.

Maneno yakaenea kwamba fundi yule ananyonya gesi za watu. Lisemwalo lipo, watu walisema, na kama halipo laja. Kaka yangu hajawahi kubaki na hata skrubu ya mtu. Iliniuma kuliko sikio. Siku zingine hakuingia mteja hata mmoja, nami nilizunguka karakana kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga, nagusa hiki, naacha kile. Kaka alipiga deki sakafu ambayo tayari ilikuwa safi. Wote wawili tulijua kwamba jina likishaharibika hapa, mtu hufunga duka akahama.

Ndipo akaja mama anayeuza kuku wa barafu upande wa Kenya, mteja wetu mkubwa. Friza lake lilikuja kwa mkokoteni, kuukuu, lenye gesi ileile mbaya. Kaka aliinyonya, akatia nyingine, friza likaanza kunguruma vizuri. Mama yule hakulitazama. Alikuwa anatazama mtungi.

"Hiyo ni gesi yangu ama si yangu?"

"Ni yako, mama, lakini haitumiki."

"Kama ni yangu, naenda nayo."

Watu wakasimama kutazama. Nilimwambia kaka kwa Kisamia, lugha yetu ya nyumbani, asimpe. Akanijibu kwa Kisamia hichohicho kwamba akikatalia mtungi mbele ya watu hawa, ataitwa mwizi mpaka kaburini. Aliukaza, akamsihi mama asiufungue, aurudishe wiki ijayo.

"Mimi si mtoto, fundi," mama alisema. Mtungi ukaenda Kenya ukiwa juu ya friza lake. Mimi usingizi sikuupata.

Kesho yake mchana simu ikalia. Mikono ya kaka ilikuwa na grisi, kwa hiyo mimi ndiye niliyeiweka kwenye spika.

"Fundi, ni mimi wa kuku. Acha nikwambie ukweli, nilishuku umenijazia hewa tu. Saa hii nimeita majirani wote, nikafungua. Imelia weee, mpaka mtungi ukashika barafu. Imelia mpaka ikaisha yote. Nimewaambia kila mtu, huyo fundi wanamsingizia bure. Wewe si mwizi."

Kaka alifuta mikono yake, kidole kimoja kimoja, akainamia simu.

"Asante, mama," alisema. "Mungu akubariki."

Kabla ya jioni wateja walianza kurudi, wengine na friji, wengine na salamu tu. Kila aliyeingia alimshika kaka mkono na kumwambia amesikia. Yeye alifanya kazi mpaka wa mwisho alipoondoka, na muda wote huo hakuniangalia.