Pointi za Mwalimu wa Hesabu

Nilikuwa na miaka tisa baba alipokufa, shida zikaanza.

Juzi mjukuu wangu wa sekondari alinisomea masharti ya mwalimu wake wa hesabu: pointi za enterro, yale majaribio madogo ya darasani, za kazi ya nyumbani, za egzamen ya mwisho. Karatasi ilinuka chaki. Nikajikuta tena mtoto shuleni Kabambare, mwalimu wetu ameinamia kibao changu: "Jibu iko sawa. Lakini mama yako hajaleta kuku."

Nilimwambia mama. "Kuku yangu haijui hesabu," akajibu. Nikapewa sifuri, shule ikaishia hapo.

"Babu, kuku haiko humu," mjukuu akacheka.

"Wanaandika yote? Soma mpaka chini."

Leo niko na nyumba ya mabati, pikipiki, duka la chumvi na sabuni, shamba la mpunga Lusangi. Kesho nitamsalimia mwalimu wa mjukuu mikono mitupu, nione kama macho yake yanatafuta kuku.