Mkono wa Shangazi Somoe

Juzi pale zahanati nilimwona mama mmoja ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa ukirukaruka wenyewe, naye akiutazama tu. Muuguzi alimtoboa kidole, akasoma kipimo, akasema sukari imepanda mno, ndiyo inayomtia degedege. Niliinama nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Nilikumbuka alasiri moja kwetu Njinjo, uani kunanukia moshi wa korosho. Shangazi Somoe alikuwa ameshikwa na kiu tangu asubuhi, akinywa kata baada ya kata. Ghafla mkono wake ukaanza kurukaruka, kata ikamponyoka, maji yakanimwagikia miguuni. Hakuanguka. Alinitazama akiwa na akili zake timamu.

"Mwanangu, njoo unishike mkono huu. Unanishinda."

Mimi niliamini jini limempanda, na nikimgusa litanihamia. Nilitoka mbio hadi kisimani walikojaa wanawake, nikapiga kelele, "Shangazi ana jini! Shangazi ana jini!"

Baba alimpeleka hospitali, akarudi na dawa za sukari, mkono ukatulia. Lakini maneno yangu yalikuwa yameshaenea. Yeye aliyekuwa akiitwa kupika pilau kila penye harusi, hakuitwa tena.

Hakunigombeza hata siku moja, nami sikumwomba radhi mpaka anafariki. Kila nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba kwa upole, huku akiuvuta ule mkono ndani ya kanga, nisije nikaogopa.